Mshindi Chini ya Mretemu

Wahenga walipotanabahisha kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, walimlenga mtu ajitiaye katika jambo asilolijua mwisho wake. Hivyo ndivyo methali hiyo inavyofasiriwa darasani, na fasiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, methali ina upande mwingine usiotajwa sana. Aliyekwama kileleni mwa mchongoma amekwisha kufaulu kupanda. Alipokuwa njiani miiba ilimchoma, ila hamu ya kufika ilimsahaulisha maumivu. Sasa amefika, hamu imetoweka, na kila mwiba unadai haki yake. Makala haya yanamtazama mtu huyo: mshindi aliyechoka, asiyejua atashukaje, na anayejiuliza kama Mungu aliyempandisha yungali pamoja naye.

Kiswahili chenyewe kinaelekea kulijua jambo hili tangu jadi. Mtu akishinda, amemzidi mwenziwe. Akishinda shambani, amekaa huko mchana kutwa. Akishinda njaa, jua limezama bila tonge kumfika kinywani. Kisha lipo neno shinda, lenye maana ya kitu kisichojaa, kama lile debe ambalo wahenga walisema haliachi kutika. Wanasemantiki na wabishane kama hapa pana polisemia au homonimia. Lililo dhahiri ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa katika hali hizi zote kwa siku moja: ameshinda, ameshinda njaa, na moyoni mwake amebaki shinda.

Mfano wa hali hii hauhitaji kutafutwa mbali na mabweni ya chuo. Yupo mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili ambaye kwa miezi kadhaa amelibeba kongamano mabegani. Ameandika barua za kuomba ufadhili, nyingi zikakosa majibu. Amebisha hodi katika ofisi za wakuu wa idara, amehesabu magodoro ya wageni watakaotoka vyuo vingine, amepatana bei na wapishi, na usiku wa manane amesahihisha ratiba huku kazi yake ya isimu ikimsubiri mezani. Siku ikawadia. Wageni wakafika, makala yakawasilishwa, mashairi yakaghanwa, mgeni wa heshima akamwaga sifa, picha zikapigwa. Jumatatu iliyofuata, mwenyekiti hawezi kuamka. Simu za pongezi zinalia naye anazitazama tu. Chakula hakina ladha. Dua aliyozoea kuiomba kila alfajiri inamkwama kooni. Kinachomtisha zaidi ni aibu: atamweleza nani kwamba amefaulu na hana furaha? Aliyefeli hupewa pole. Aliyefaulu hupewa kazi nyingine.

Mhitimu naye yumo katika jahazi lilo hilo. Kitenzi kuhitimu kina asili moja na neno hitima, yaani kisomo cha kumkamilishia marehemu, kwa kuwa yote mawili yametokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kumaliza. Siku ya mahafali huwa ya vigelegele. Jamaa waliouza ng'ombe au kuitisha harambee hufika na mashada ya maua, na joho huvaliwa kwa zamu ili kila ndugu apigwe picha. Wiki mbili baadaye joho limerudishwa, chumba cha bweni kina mwenyeji mwingine, na swali linaloulizwa kila kukicha ni kazi itapatikana lini. Aliyekimbia miaka minne kuelekea kamba ya mwisho huikata kamba hiyo na kugundua kwamba ng'ambo yake hapakuwa na kiti.

Jamii huwa na hukumu mbili za haraka kwa mtu wa namna hii. Ya kwanza hutoka kwa baadhi ya wacha Mungu: amepungukiwa na imani, kwani amwaminiye Mungu kwa dhati hachoki. Ya pili hutoka kwa walimwengu: anadeka, na dawa yake ni kuongezewa kazi. Hukumu zote mbili zinadhani kwamba uchovu baada ya ushindi ni kasoro ya tabia. Maandiko matakatifu, yakisomwa kwa makini, hayasemi hivyo.

Kisa kiangazacho hali hii kwa ukamilifu kimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17 hadi ya 19. Ni kisa cha Nabii Eliya, ambaye Waislamu humjua kwa jina la Ilyasi, na ambaye Kurani humtaja katika sura ya 37 akiwakemea watu wake kwa kumwomba Baali. Waumini wa dini zote mbili humtazama kama jabali la imani. Wachache hukumbuka kwamba, kwa mujibu wa kitabu hicho cha Wafalme, jabali hilo liliwahi kuomba kufa, na kwamba liliomba hivyo baada ya ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yake.

Katika karne ya tisa kabla ya Kristo, Israeli ilitawaliwa na Mfalme Ahabu, ambaye mkewe Yezebeli, binti wa mfalme wa Wasidoni, aliieneza ibada ya Baali na kuwaua manabii wa Mungu. Ukame ulikuwa umeikausha nchi. Eliya akawaita manabii 450 wa Baali katika mlima wa Karmeli, mbele ya umati, ili ijulikane ni mungu yupi atakayejibu kwa moto. Wao walipaaza sauti tangu asubuhi hadi alasiri bila jibu. Yeye aliitengeneza madhabahu iliyobomolewa, akaagiza sadaka imwagiwe maji, akaomba mara moja, na moto ukashuka. Manabii wa Baali wakauawa penye kijito cha Kishoni. Kazi haikuishia hapo. Eliya alipanda tena kileleni kuomba mvua, akamtuma mtumishi wake kuitazama bahari mara saba, hata kikaonekana kiwingu kidogo mfano wa kitanga cha mkono. Mbingu zilipofunguka, alijifunga viunoni akatimua mbio mbele ya gari la mfalme hadi Yezreeli, masafa ya zaidi ya kilomita 20. Yote hayo yamesimuliwa kama matukio ya siku moja.

Kisha ukaja ujumbe mmoja. Yezebeli aliapa kwamba kabla ya saa ishirini na nne kupita, Eliya naye atakuwa maiti. Mtu aliyesimama imara mbele ya manabii 450 akatoroka. Alikimbia hadi Beer-sheba, kusini mwa Yuda, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hapo akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aitwae roho yake, akisema kwamba yeye si bora kuliko baba zake.

Mretemu ni kichaka cha jangwani chenye vijiti vyembamba na kivuli haba. Mchumia juani, wasema Waswahili, hulia kivulini. Mvunaji huyu wa Karmeli alipata kivuli kisichotosha hata kumfunika. Lakini neno lake kuhusu baba zake lafaa kuzingatiwa zaidi ya kivuli hicho. Yamkini Eliya alitarajia kwamba baada ya moto wa Karmeli nchi ingebadilika. Mfalme angetubu, malkia angenyamaza, na kizazi chake kingefanya ambalo vizazi vilivyotangulia vilishindwa kulifanya. Kumbe Yezebeli alikuwa bado katika jumba lake, na vitisho vyake vilikuwa vile vile. Ndivyo ulivyo uchovu unaofuata ushindi. Ndani yake mna kuvunjika moyo, kwa sababu kilele kimempa mtu kidogo kuliko alichoahidiwa na mlima. Kongamano limefana, na idara bado haina vitabu. Shahada imepatikana, na nyumbani bado kuna deni la karo. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Kuna jambo jingine. Kabla ya Karmeli, Eliya aliishi kwa kulishwa. Kwenye kijito cha Kerithi, kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Huko Sarepta alikula kwa mjane maskini aliyekuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu. Miaka hiyo ilikuwa chuo cha utegemezi: kila mlo ulimfundisha kwamba uhai wake umo mikononi mwa mwingine. Karmeli ilimfanya kuwa amiri. Pale ndiye aliyeagiza, aliyejenga, aliyekimbia mbele ya farasi. Ushindi una hatari hii, kwamba humzoesha mtu kuwa mtoaji hata akasahau namna ya kupokea. Kwa hivyo Mungu alipotaka kumhuisha mtumishi wake, alimrudisha darasa la kwanza.

Yafaa kuorodhesha kwanza yale ambayo Mungu hakuyafanya chini ya mretemu. Hakumkemea Eliya kwa woga wake. Hakumkumbusha moto wa Karmeli ili kumtia haya. Hakumhubiria juu ya imani, wala hakuikubali dua yake ya kutaka kufa. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa na kumwamsha ale, na penye kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika alikuja mara ya pili na kumtaka ale zaidi, kwa kuwa safari iliyo mbele yake ilimzidi nguvu. Katika usingizi huu wa mara mbili mna rehema kubwa. Nabii aliyelala mara moja bila kupona hakuulizwa mbona bado amechoka.

Wanafunzi wa mofolojia watatambua kwamba kitenzi kupumzika kina undugu na pumzi na kupumua. Apumzikaye, kwa asili ya neno, anairudisha pumzi yake. Katika Kitabu cha Mwanzo, pumzi hiyo ilipuliziwa mtu puani na Muumba. Basi kulala kwa mja aliyechoka kwaweza kuwa namna ya ibada: ni kukiri kwamba pumzi ina Mwenyewe, na kwamba dunia itaendelea kuzunguka saa nane ambazo yeye hailindi. Anayekataa kulala kwa kisingizio cha utumishi huenda anajidhania kuwa nguzo ya mbingu.

Kwa nguvu za chakula hicho Eliya alitembea siku 40, usiku na mchana, hadi Horebu, mlima wa Mungu, akaingia pangoni. Huko aliulizwa anafanya nini. Akamwaga yaliyomjaa: amefanya bidii kwa ajili ya Mungu, watu wameliacha agano, manabii wameuawa, amebaki yeye pekee, naye anawindwa. Ndipo upepo wa kupasua miamba ukavuma, na Mungu hakuwemo. Tetemeko likaja, hakuwemo. Moto ukawaka, hakuwemo humo pia. Baada ya moto ulisikika mnong'ono mwembamba, na Eliya akaufunika uso wake kwa vazi lake.

Kutokuwemo kwa Mungu katika moto ni jambo la kuwaziwa. Kule Karmeli moto ndio uliokuwa jibu lake. Mshindi aliyechoka aghalabu hutafuta nguvu mpya kwa kuurudia ushindi wa zamani: anapanga kongamano kubwa zaidi, anajisajili kwa shahada nyingine kabla ya wino wa ile ya kwanza kukauka, anazitazama tena picha za siku yake ya fahari. Anarudi Karmeli kuwasha moto ule ule. Horebu yamfundisha kwamba Mungu hafungwi na njia aliyopitia jana, na kwamba sauti inayomhuisha huenda ikawa ndogo kiasi cha kutosikika na mtu aliye mbioni.

Eliya aliulizwa swali lile lile mara ya pili, naye akajibu kwa maneno yale yale, kana kwamba upepo, tetemeko, moto na mnong'ono havikupita. Huzuni yake haikuondoka kwa muujiza. Mungu naye hakungoja iondoke. Alimpa kazi: arudi kwa njia aliyojia, amtie mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu mwana wa Nimshi awe mfalme wa Israeli, na Elisha mwana wa Shafati awe nabii mahali pake. Tena akamsahihishia hesabu. Eliya alisema amebaki peke yake. Aliambiwa kwamba wapo watu 7,000 katika Israeli ambao magoti yao hayakumpigia Baali.

Hesabu hiyo yastahili kuangaliwa tena. Kabla ya Karmeli, Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alikuwa amemweleza Eliya kwamba aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, na kuwalisha. Eliya alilijua hilo. Uchovu ulilifuta akilini mwake. Mwili ukichakaa, hesabu ya neema huharibika nayo: mia moja huwa sifuri, na elfu saba hawaonekani. Hii ndiyo sababu haifai mtu aliyechoka aamini kila neno ambalo moyo wake unamwambia kuhusu maisha yake, kuhusu wenzake, au kuhusu Mungu. Na alale kwanza, ale, kisha ahesabu upya.

Kati ya wale watatu aliotumwa kuwatia mafuta, Eliya mwenyewe alimfikia mmoja tu. Alimkuta Elisha akilima, akamtupia vazi lake. Habari za Hazaeli zilikamilishwa baadaye na Elisha, na Yehu akatiwa mafuta na kijana aliyetumwa na Elisha huyo huyo. Kwa hivyo kuhuishwa kwa Eliya hakukuwa kurudishiwa uwezo wa kufanya kila kitu peke yake. Alipewa mwenzake wa kutembea naye, na kazi ambayo ingemalizwa na mikono mingine.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni ya manabii wa kale. Sivyo. Mwaka 1969 Buzz Aldrin alikuwa mtu wa pili kukanyaga mwezini. Kabla ya kutoka chomboni alishiriki kimyakimya mkate na divai ya sakramenti, kwani alikuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri. Hapana mchongoma mrefu kuliko huo. Aliporudi duniani aliandamwa na sonona na ulevi kwa miaka kadhaa, mambo ambayo mwenyewe aliyaeleza wazi katika kitabu alichokitoa mwaka 1973. Alisaidiwa na matabibu, na baadaye na ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Aliyekuwa juu kuliko karibu binadamu wote alishuka kwa kushikwa mkono.

Wanasaikolojia nao wamelitafiti jambo hili. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya kuzimika kwa nguvu za watu wanaojitolea, hali aliyoiona kwa wahudumu wa kliniki ambamo yeye pia alihudumu. Alibainisha kwamba wanaokabiliwa zaidi na hatari hiyo ni wale wenye moyo wa kujitoa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliifafanua hali hiyo, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kuwa ni zao la mkazo sugu wa kazi usiodhibitiwa vyema, bila kuiita ugonjwa. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Sayansi imeeleza tu jinsi ngozi inavyochanika.

Je, kumtegemea Mungu katika hali hii kuna maana gani? Pana makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kuugeuza utegemezi kuwa ulegevu, mtu akajikunyata na kungoja kunguru. Eliya aliletewa mkate, lakini ni yeye aliyeinuka, akautafuna, na akatembea siku 40 kwa miguu yake. Kosa la pili ni kuigeuza dua kuwa kisingizio cha kukataa msaada wa watu. Kunguru, mjane, malaika, mwenzake mkulima: kila mara mkono wa Mungu ulivaa umbo la kiumbe. Mwanafunzi anayemwomba Mungu amwinue, na papo hapo akakataa kumfungulia mlango rafiki aliyemletea uji, huenda anamfungia malaika wake nje.

Jambo hili si la kufanyia mzaha, kwa sababu baadhi ya walioko chini ya mretemu huomba alichokiomba Eliya, na wapo ambao hawaishii katika kuomba. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimshtaki kama mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulikaribia njia iliyotumiwa jangwani zamani zile. Nabii alisema ametosheka na uhai, na hakuwekewa mashtaka. Aliwekewa mkate na maji. Mwenzake anayesikia kauli ya namna hiyo katika chumba cha jirani ana wajibu wa kwanza wa kutomwacha peke yake, na wa pili wa kumsindikiza kwa mshauri au daktari. Sala na ifuatane nao njiani.

Mafundisho ya dini zilizoenea katika Afrika Mashariki yanakubaliana kwamba wakati wa ushindi ndio wakati wa kumrudia Mola. Injili ya Marko, katika sura ya 6, yasimulia jinsi mitume walivyorudi kutoka kuhubiri na kuponya, wakiwa na mengi ya kueleza. Yesu hakuwatuma tena mara moja. Aliwaalika waende faraghani wakapumzike, kwa kuwa waliokuja na kuondoka walikuwa wengi hata mitume wakakosa nafasi ya kula. Na jioni ya siku hiyo, baada ya kuwalisha maelfu, yeye mwenyewe alipanda mlimani kuomba. Katika Kurani, sura ya 94 humwelekeza Mtume kwamba akishamaliza shughuli yake ajibidiishe, na shauku yake aielekeze kwa Mola wake. Sura ya 110 yasema kwamba nusura na ushindi vikifika, na watu wakaonekana wakiingia katika dini makundi kwa makundi, linalompasa ni kumsabihi Mola na kuomba maghufira. Saa ya fahari imepewa adabu yake: mja ainamishe kichwa kabla hakijalewa sifa.

Adabu hiyo ina manufaa ya kiroho na ya kimwili kwa pamoja. Anayesujudu baada ya kushinda anautua mzigo ambao angeubeba kama mali yake. Anapokiri kwamba ushindi ulikuwa wa Mungu, anakiri vilevile kwamba kesho si yake peke yake kuilinda. Ajidhaniaye kuwa chemchemi hukauka na kufadhaika. Ajijuaye kuwa mtungi hurudi kisimani bila haya. Mtungi hauoni aibu kuwa mtupu. Huo ndio wakati wake wa kujazwa.

Kwa hivyo vyama vya wanafunzi vingefanya vyema kuingiza funzo hili katika mila zao. Baada ya kila kongamano, kamati na iketi pamoja, ile kwa utulivu, ishukuru, kisha kila mmoja aende kulala kabla ya tathmini na ripoti. Mwenyekiti anayemaliza muhula wake na asiondoke na funguo mfukoni kwa kuogopa kwamba wadogo wake wataharibu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili ndio Elisha wa leo; wako shambani wakilima nyuma ya jozi zao za ng'ombe, na wengine hawajui kwamba kuna vazi linalowatafuta. Kulikabidhi vazi hilo mapema si kushindwa. Eliya alilikabidhi akiwa bado na safari ya kwenda, na kuanzia siku hiyo hakutembea tena jangwani peke yake.